Nyuma ya Kioo

Baba alikuwa fundi wa fremu,
kibanda cha mabati nyuma ya Barabara ya Latema,
na miaka ishirini na ushei
uso mmoja ndio uliotulisha.

Kila duka, kila kinyozi, kila bucha
sharti uwe nao, juu kuliko saa, juu kuliko kalenda.
Baba alipiga mbao msasa,
akapangusa kioo kwa gazeti la jana,
uso ule ule ukifuta uso ule ule,
kisha akaniambia: Shika hapo, Nasambu,
usimtie kidole machoni.

Sitasema uongo, maziwa yalikuwa matamu.
Lori likiingia shuleni Kaloleni
tulizing'ata pakiti za pembe tatu kwenye ncha,
tukanyonya, tukaimba tulichoambiwa tuimbe.
Mifupa hii ninayotembelea
ina deni lake ndani.

Saa moja jioni redio ilianza na jina lake:
amesali wapi, amepanda mti gani.
Mama alisonga ugali polepole,
mwiko usije ukasikika unapinga.

Baba mdogo Wepukhulu alikuwa mpiga chapa.
Walimchukua akiwa na wino kwenye kucha.
Alirudi siku ya kumi na tisa,
nyayo zimekunjamana
kama vidole vya mwanamke aliyefua kutwa nzima.
Hakusimulia.
Ila mvua ikipiga mabati
alitoka nje akasimama katikati yake.
Afadhali maji, alisema mara moja tu,
unayoyaona yanakotoka.

Wiki ile ile Baba alikuwa na oda,
fremu sita za ofisi fulani mjini.
Alizitengeneza.
Nilimwona akipima mara tatu,
mtu ambaye hakuwahi kupima mara mbili.

Leo wametangaza kwamba Mtukufu amefariki.
Bendera nusu mlingoti, foleni ya kumuaga imepinda kona mbili.
Mama mmoja mwenye chupa ya chai analia:
enzi zake shilingi ilikuwa shilingi.
Kijana aliye nyuma yake anauliza
kama kuna mahali pa kuchaji simu.

Mimi nimekuja kibandani.
Imebaki moja, ya mteja asiyerudi kuichukua.
Nimeitungua. Ukutani pametokea mraba wa kijani kibichi,
rangi ya siku ile ilipotundikwa,
haijawahi kuona jua wala moshi.

Nikaigeuza nitoe misumari.
Kwenye ubao, kwa penseli ya seremala,
herufi za Baba zinazoegemea kushoto:
Wepukhulu. Siku 19.

Ngapi zilitoka hapa hivyo?
Ngapi zilining'inia juu ya meza za wakubwa,
wakisimama kuziheshimu,
na jina la ndugu yake limegusa ukuta wao
miaka yote ile, kimya?
Baba yuko Bungoma, chini ya udongo. Simuulizi.

Mteja ameingia.
Anataka fremu ya mahafali ya bintiye,
ya dhahabu, kama ipo.
Namtajia bei.
Analalamika, napunguza hamsini.