Kifungo cha Tatu

Bibi Tsiala alikata tiketi za gari la waya
kule Chiatura, mji uliojibanza korongoni.
Mimi na Nestani alitupandisha bure,
tukaning'inia juu ya mapaa ya watu
tukihesabu chupi za majirani kambani.

Babu Varlami alirudi mgodini mweusi hadi kope.
Hata siku za mapumziko vidole havikutakata:
akiacha manganizi, alimenya jozi mbichi.

Koti lake lilikosa kifungo cha tatu.
"Kesho nitakishona," Bibi husema,
na kesho yake ilikuwa na miguu mirefu.
Baridi nne Babu alilifunga kwa kipande cha waya.
Tulimcheka.

Bibi alipozikwa, shangazi Lamara alishika sindano.
Babu akampokonya koti:
"Acha. Kuna mtu aliahidi."

Nestani alirithi vijiko vya fedha,
na haki yake, ndiye aliyewauguza.
Mimi nilipata koti
na kopo la biskuti lililoota kutu.

Jana usiku nikalimwaga mezani:
tiketi za waridi, filimbi isiyolia,
jino langu la utoto (nani alilitunza?)
na kifungo cha kahawia,
uzi umeshapitishwa matunduni,
fundo limeshakazwa.

Kumbe alikuwa ameanza.

Nilikaa nacho kiganjani mpaka chai ikapoa.
Sindano ninayo. Koti liko nyuma ya mlango.
"Kesho," nikasema kwa sauti,
jikoni, peke yangu,
nikakirudisha koponi.