Baragumu la Nne

Mimi ndiye niliyenakili nota zake miaka ishirini na sita,
kwa hiyo nisimulie ninachokijua: mwandiko.
Mikia ya nota zake ililala upande,
kama nyasi za Liepāja upepo ukitoka baharini,
na palipotakiwa kimya aliandika kimya kikubwa,
akakizungushia penseli mara mbili
ili mpiga fidla asikiruke kama dimbwi.

Velga Strautmane, binti wa mpima waya.
Mchana alihesabu tiketi kwenye ofisi ya tramu,
jioni alipanda ghorofa ya nne, akavua glavu.
Kinanda chake kilikuwa na vibao vitatu bubu.
"Hivyo ndivyo ninavyovisikia vizuri zaidi," alisema.
Usimwamini. Hakuwa na pesa ya fundi.

Simfonia yake ya kwanza ilipigwa mara moja,
Februari, theluji magotini,
watu thelathini na saba, nikimtia na mtunza makoti.
Gazeti la Riga liliandika mistari miwili,
mmoja ukakosea jina lake.
Aliukata ule uliokosea
akaubandika ukutani, juu ya sufuria ya supu.

Halafu kiwanda cha waya kikafungwa.
King'ora kikinyamaza hukisikii kikinyamaza.
Unasikia harufu ya mkate ulioungua.
Unaona watoto wamechelewa shule,
na saa saba imepita, hakuna aliyeinuka mezani.
Mji mzima ulipotewa na saa.

Alinijia na karatasi wino wake haujakauka.
Baragumu la nne: nota moja,
dakika kumi na moja, nota ile ile.
Mpigaji alinung'unika, "Hii hata mwanangu anaiweza."
"Basi mlete," akajibu Velga.

Usiku wa onyesho nilikaa nyuma na nakala za akiba.
Nyuzi zilikuja, zikaenda zao.
Baragumu likaingia chinichini,
likashika, likakaa.
Safu ya tano, mzee mmoja mwenye makovu ya waya mikononi
akainuka, akavaa kofia.
Kisha bibi nyuma yake. Kisha wengine sita,
bila kutazamana,
wakipapasa miguuni kutafuta vikapu vya chakula
ambavyo havikuwapo.
Kiongozi wa okestra alidhani wanamsusia.
Walisimama tu, na kofia zao,
mpaka nota ilipokwisha.

Baadaye zikaja tuzo, na Oslo, na watu wa redio
wakimuuliza kuhusu falsafa ya sauti.
Aliwaeleza bei ya makaa ya mawe.

Sasa mkono wake unatetemeka,
mikia ya nota inaanguka huku na huku,
nami nainyoosha bila kumwambia. Anajua.
Jana ameniletea ukurasa mmoja:
hauna nota, una kimya tu,
kimezungushiwa penseli mara tatu.
Nikamuuliza, nikinakili kwa ala gani?
"Subiri," akasema, akivaa glavu,
"bado zinakigombania."