Jibu kwa Daktari Kuhusu Shingo Yangu

Unauliza, Daktari Urrutia, shingo hii ilipindia wapi.
Andika kwenye faili lako: Sinema Aurora, Valparaíso,
miaka kumi na saba, mbele ya safu ya kwanza, pembeni kulia.
Wengine maji huwafika shingoni. Mimi ni muziki.
Piano iliegemea ukuta, kitambaa cheupe kiko juu kushoto,
nami napiga huku nimeinua kidevu
kama kuku anayemeza maji.

Kutoka pale chini, nyuso zote zilirefuka kama viatu.
Mabibi harusi walikuwa na pua za farasi.
Sikumwona mwigizaji mrembo hata mmoja;
niliambiwa tu kwamba ni warembo,
nikawapigia ipasavyo.

Don Fermín, mwenye sinema, hakuniuliza najua nini.
Aliniuliza kama naogopa panya.
Nikasema siogopi. Nikaajiriwa.
(Mwongo mimi. Walilala ndani ya piano kuota joto,
na sauti nene kabisa ilipokataa kulia
nilijua kuna mama amejifungua.)

Karatasi za muziki hazikuwepo.
Filamu ilishuka melini asubuhi, jioni inaonyeshwa,
hakuna ajuaye nani atakufa.
Ilibidi kidole kibashiri.
Mtu akifungua barua, ngoja. Usimwage huzuni bado,
huenda amerithi shamba.
Kuna mmoja nilimpigia harusi, vigelegele na vyote,
kumbe anapelekwa kunyongwa.
Wachukuzi wa bandarini walicheka hadi karanga zikawapalia.
Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto hauamini mtu.

Nyuma, ndani ya kibanda cha mabati,
Onofre Huenchullán alizungusha mtambo kwa mkono.
Jumamosi aliwahi behewa la mwisho la kupanda kilimani,
basi wapenzi wakabusiana kama wanaodonoa mtama,
mazishi yakaenda mchakamchaka,
na mimi nyuma yao, jasho mgongoni.

Mwaka wa homa ya matumbo picha zikaanza kuchechemea.
Farasi walikimbia kama wako kwenye tope.
Nikajua mkewe amelala kitandani.
Nikapunguza mwendo, nikaburuta hata polka,
ili ukumbi udhani ndivyo filamu ilivyotengenezwa.
Siku ya tisa picha zikatembea sawasawa,
sawasawa kabisa, kama saa ya ukutani.
Nikajua amefariki.
Hatukuwahi kuambiana neno, isipokuwa
«usiku mwema», mlangoni, kila mtu na koti lake.

Kisha yakaja masanduku mawili makubwa kama makabati
na sauti ndani yake.
Don Fermín alinipa mshahara wa mwezi mmoja
na kile kigoda cha kuzunguka, eti kumbukumbu.
Onofre alibaki. Mtambo mpya ulitaka kubonyezwa tu;
mkono wake ukahamia mfukoni.

Nilinunua tiketi, daktari, mara moja. Nikakaa katikati.
Kwa mara ya kwanza niliona uso ulionyooka,
na kweli, yule mwanamke alikuwa mzuri,
mzuri wa kutisha. Akafungua kinywa, akasema.
Sikusikia alichosema.
Shingo iliniuma kwa kutazama mbele.
Nikainuka, nikaenda kukaa mbele, pembeni kulia,
pua ya farasi ikarudi, nikatulia.

Kwa hiyo kuninyoosha sitaki.
Nipe ya kupunguza maumivu, na isiwe chungu.

Hili la mwisho usiliandike.
Juzi, kwenye behewa la kilimani, Onofre alikaa mbele yangu,
mzee, kofia mapajani.
Mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka juu ya goti,
kidogo tu, mwenyewe hana habari.
Nikaangalia chini: vidole vyangu, juu ya kikapu cha vitunguu,
vilishaanza kumfuata.
Alipunguza kwenye kona, nikapunguza.
Behewa likafika juu.
«Usiku mwema», tukaambiana.
Ilikuwa saa nne asubuhi.