Mtaimbo wa Baba

Hapa Nyarusiza ardhi haina kina.
Chini ya udongo wa kiganja kimoja
kuna jiwe jeusi alilolitapika Muhabura
kabla hatujapata majina.
Jembe hulia juu yake kama sufuria tupu.

Baba alichimba siku arobaini.
Alitaka shimo refu, kama la watu wa mjini,
akapata shimo la kufika gotini.
Mtaimbo ukapinda. Mgongo nao.
Mvua ya Machi ikaja, shimo likajaa, likafurika,
likashuka taratibu hadi bwawa tunakochota,
na mwezi ule tulizika wawili:
mtoto wa Sebagenzi,
na Akimana, mdogo wangu,
aliyekuwa amejua juzi tu kufunga kamba za viatu.

Hakuna aliyelitaja shimo.
Mavi ya kale hayanuki, walisema wachuuzi wa mpakani,
nasi tukaitikia, kwa vile tulitaka kulala.

Basi fundi Mbonigaba alipofika kutoka Bunagana
akasema choo cha zahanati hakichimbwi, kinajengwa juu,
tulicheka mpaka nesi akatoka nje.
Ngazi sita! Mtu apande ngazi sita kwenda haja,
mchana kweupe, foleni ya wagonjwa ikimhesabia?
Mama mkwe wangu, Nyirangendo, aliapa
ni afadhali avuke kwenda kujisaidia Rwanda,
bila kibali.

Mbonigaba hakubishana. Alikoroga saruji.
Vyumba viwili chini ya sakafu.
Tundu la mbele la mkojo, uende zake kwenye jerikeni,
tundu la nyuma la yale mengine,
na ndoo ya jivu yenye kopo la maziwa ndani.
"Kavu na maji vikikutana, uvundo huzaliwa," alisema.
"Vitenganishe kama mafahali.
Chumba kimoja kile, kingine kifunge,
na aliyefunga asisumbuliwe."

Ufunguo nikapewa mimi,
kwa kuwa ndiye mfagiaji, na mfagiaji hana pa kukataa.
Mwaka mzima nilizunguka mafiga ya majirani na gunia.
Watoto wakaniita Mama Jivu.
Niliitika.

Siku ya kufungua, mlango wa bati ulikuwa umeshikwa na kutu.
Nikakumbuka mtaimbo, nyuma ya banda la mbuzi,
umepinda vilevile, kama mtu anayetafuta kitu chini.
Nikauchomeka. Nikauegemea kwa uzito wangu wote,
na ule mpindo, ule ule wa aibu ya baba,
ndio ulioshika ukingo.

Watu walisimama mbali, leso puani.

Kilichotoka kilikuwa cheusi, kikavu,
kikamomonyoka vidoleni.
Kilinuka msitu uliokwisha kunyeshewa.
Au hakikunuka, sijui; nilipeleka pua mara tatu.
Ndani yake kulikuwa na kifungo cha shati
na kokwa la parachichi limepasuka, limetoa ulimi mweupe.
Leso zikashuka, moja moja, kwa haya.
Mbonigaba alikuwa anakula muwa, hata hakutazama.

Nesi alisema nimwage kwenye kabichi za zahanati.
Nilimwaga huko, nyingi.
Lakini ndoo kumi na moja nilizipandisha mlimani,
nikijificha kama mwizi wa mbuzi,
hadi kwenye lile shimo la gotini
ambalo bado lilikinga maji kila mvua ikirudi.
Nikalijaza mpaka mdomoni.
Nikalikanyaga kidogo, kwa unyayo, si kwa nguvu.
Nikapanda viazi.

Nyirangendo alivila Julai, vya moto, na maganda yake.
Akauliza vimetoka wapi, mbona vikubwa hivi.
Nikasema: kwa baba.

Alinitazama kitambo.
Kisha akavuta chumvi.