Kijitabu cha Ragnfrid

Dada yangu hasafiri bila futi ya kupimia.
Huivaa shingoni kama fundi wa nguo,
penseli sikioni, na kijitabu
ambamo Norwei nzima imeandikwa kwa sentimita:
mlango wa choo cha stesheni, sabini na nane;
kizingiti cha hoteli, vidole viwili;
mteremko wa gati, "Borghild alipiga kelele."

Maporomoko ya kwanza yalitudanganya.
Kibaoni palichorwa kiti changu, cheupe juu ya buluu.
Tukafuata mshale. Changarawe ikagombana na magurudumu
robo tatu ya saa, Ragnfrid akihema kama mvukuto,
na mwishoni: vidato vitatu.
Vitatu tu, akasema kijana wa tiketi,
kama mtu asemaye bahari ina kina kidogo tu.
Tukala mkate na jibini ya kahawia
tukiwasikiliza wengine wakishangaa nyuma ya mwamba.

Ya pili tuliyaona kupitia dirisha la basi.
Hayahesabiki, ingawa Ragnfrid ameyahesabu.

Ya tatu, Jumanne, jua la saa nne.
Seremala alikuwa bado yupo, Eilert jina lake,
akikaza skrubu za mwisho kwenye njia ya msonobari
iliyonuka utomvu.
"Hatua kumi na mbili mbele, moja juu," akasema.
"Nilipima kwa kiti cha marehemu mama."
Ragnfrid akainama na futi yake. Akaandika. Hakusema kitu,
na dada yangu asiposema kitu, hiyo ni sifa.

Mbao zikagugumia chini yangu,
kisha kona, kisha ubaridi usoni,
kisha yakawa pale.

Ukingoni Eilert alikuwa ameacha mwanya
kwa kimo cha mtu aliyeketi.
Mtoto wa Kijerumani akaja tuchungulie pamoja,
sikio kwa sikio,
wazazi wake wakikunja migongo nyuma yetu.

Aliye juu mngoje chini.
Basi nimekuja kuyangoja.
Nayo hayakukawia: yalishuka yote, meupe, kwa mkupuo,
bila aibu, bila kujishika popote.

Miaka tisa iliyopita niliporomoka mimi,
kutoka paani, sepeto ya theluji mkononi.
Hakuna aliyelipa nauli kuja kutazama.
Dukani majirani walisoma kwa makini
maandishi ya makopo ya samaki hadi nipite.
Lakini haya yanaanguka kila siku, mchana na usiku,
na watu huyapiga picha, huyaita bibi harusi.
Niliyaonea wivu, nakiri. Kisha wivu ukalowa
pamoja na blanketi, miwani,
na kijitabu, ambacho Ragnfrid alikisahau pajani mwangu.

Kurasa zilishikana:
vile vidato vitatu vimegandana na choo cha stesheni.
"Mwanya huu," nikamwita, "upana wake?"
"Baadaye," akasema.
Alikuwa ameushika ukingo kwa mikono miwili,
futi ikining'inia,
mdomo wazi kama wa mtoto yule.

Dereva akapiga honi, akapiga tena.
Tulirudi polepole. Nilipogeuka,
magurudumu yalikuwa yameandika mistari miwili ya maji
kwenye mbao kavu chini ya miti,
na ule wa kushoto
ulikuwa umeshaanza kukauka.