Jumamosi kwa Nurettin

Mji wa Kars, theluji hadi kizingitini.
Kazi yangu ni ufagio, chai, na taulo za moto.
Bwana Shevki huja saa nne, kama alivyokuja
tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi,
ila dawa za hospitali zimezipukutisha zote,
hadi nyusi.

Nurettin hakuuliza. Alikung'uta shuka,
akamfunga shingoni, akainua mkasi:
cha, cha, cha,
ukikata hewa nyuma ya sikio,
hewa utosini,
kwa uangalifu uleule wa kumnyoa bwana harusi.
"Pembeni nipunguze?"
"Kidogo tu. Mke wangu hapendi fupi."

Kwenye benchi watu walinyamaza.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji:
mmoja alijishika kichwa, polepole,
kama anayehesabu.

Kisha marashi ya ndimu, makofi mawili laini,
kioo kidogo kisogoni. Akatazama. Akaridhika.
Akalipa bei kamili, na bakshishi yangu.

Alipotoka nilisimama na ufagio.
Sakafu ilikuwa safi.
Nurettin akanikazia macho: "Fagia."

Nikafagia.