Sijabeba Kitu

Saa kumi na moja alfajiri, Soweto imejifunika blanketi.
Natokea mlango wa uani, kanga juu ya ile suruali
ya kubana, yenye godoro makalioni,
maana Mama Tumpe huamka mapema kufagia
na macho yake ni ufagio wa pili.
Juzi aliniuliza kwa huruma kabisa:
"Gari limekufa, jirani? Tukuchangie?"

Gari lipo, limelala chini ya turubai.
Ni mimi niliyeamka, na miaka yangu arobaini na tisa,
karani wa mizani, mpima tani za wenzangu
kwenye kiti kilichokwisha chukua umbo langu.
Baiskeli ni mtumba wa Mwanjelwa,
fremu ya bluu, gia kumi na nne. Tisa zinatii.

Nsalaga. Igawilo. Kanga naivua, naizungushia shingoni.
Kisha mlima.

Hakuna aliyeniambia kwamba mlima una sauti:
ni moyo wako, umehamia masikioni.
Paja la kulia linasema turudi,
la kushoto linauliza, si ulijidai?
Lori tupu linanipita likikoroma,
utingo anachungulia: "Mama, shuka usukume!"
Nashuka. Nasukuma.
Aibu nayo ina kilo zake.
Nimetapika chai mara tatu.
Mara moja. Leo sidanganyi.

Halafu Isyonje,
wanawake wa viazi ndani ya ukungu, sauti bila nyuso,
na barabara inainama.
Naachia breki.
Upepo unanipokonya umri, mwaka mmoja kila kona,
mianzi, kisha migomba, kisha joto kama pumzi ya ng'ombe,
machozi yanakimbilia masikioni
na mimi napiga kelele jina langu mwenyewe,
Subilagaaa!
Bonde halishangai.

Tukuyu nakula wali maharage sahani mbili.
Nimesahau kwamba mteremko ni mkopo.

Kurudi, juu ya Kiwira, mtu ananipita kwa miguu.
Mimi nimepanda, yeye anasukuma
baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi.
"Ugonile, mama. Umebeba nini?"
"Sijabeba kitu."
"Umetumwa?"
"Sijatumwa."
"Kuna msiba?"
"Hapana. Nakwenda tu, halafu narudi."
Anatembea hatua kumi akilitafuna jibu.
"Basi wewe ni tajiri."

Nilitaka kumweleza habari za presha, za usingizi uliohama,
za ofisi isiyo na dirisha.
Nikayapima maneno kabla hayajatoka.
Mshale haukusogea.

Mnyororo ulipochomoka ni yeye aliyeurudisha,
Ambilikile, akajifuta grisi kwa jani la mgomba,
akaikataa noti yangu.
"Niijaribu kidogo?"
Akanikabidhi mzigo wake.
Nikaushika kwa mikono miwili na tumbo:
kilo themanini na tano, sikosei,
kila Jumanne, kila Ijumaa, mpaka Uyole.

Akapotelea kwenye ukungu. Dakika moja.
Tatu.
Mama Tumpe aliyemo ndani yangu akasema: umeibiwa.

Kisha kengele, kisha yeye, anashuka
miguu ameitanua kama kifaranga, kofia hana,
mtu mzima mwenye mvi kidevuni:
"Haina mtu nyuma!" anacheka,
"Dada, haina mtu nyuma!"

Tulipanda wote tukisukuma,
yeye mbele, mimi nikihema nyuma ya ndizi zake.
Ntokela alisimama kuningoja. Mara mbili.
Kanga nilimwachia, aweke begani
pale mpini unapochubua.

Nimefika nyumbani gizani.
"Na kanga?" anauliza Mama Tumpe, bado na ufagio.
Sina jibu la kumtosha.
Chakula cha jioni nakula nimesimama,
kiti nakitazama tu kwa mbali,
na kwenye kalenda ya ukutani, Jumamosi ijayo,
nimechora duara.